Vituko Kumi vya Maada Iliyo Moto Kuliko Zote, Kuanzia cha Kumi Hadi cha Kwanza

Kuna watu wanalipwa mshahara halali, wenye likizo na kiinua mgongo, kwa kazi ya kugonganisha. Hawagonganishi majirani, kazi hiyo mitaani kwetu ina mafundi wa kujitolea. Wao wanagonganisha viini vya atomu. Wanachukua atomu nzito, ya dhahabu au ya risasi (hii ya betri za magari, ya bunduki tuwaachie wenyewe), wanaivua elektroni zake zote, wanakikimbiza kiini kilichobaki hadi kinaikaribia kasi ya mwanga, halafu wanakikutanisha uso kwa uso na mwenzake anayekuja kutoka upande wa pili.

Ugomvi wote huu ni wa nini? Ndani ya kila protoni na nyutroni mna kwaki, nazo zimefungwa pamoja na gluoni. Kwaki haijapata kuonekana ikitembea peke yake. Ukijaribu kuivuta itoke, nishati unayotumia inazaa kwaki nyingine za kuisindikiza. Lakini joto likikaribia nyuzi trilioni mbili, kuta za protoni na nyutroni zinayeyuka, na kwaki na gluoni zinazagaa huru. Hiyo ndiyo plazma ya kwaki na gluoni. Kwa hesabu za wanafizikia, ulimwengu mzima ulikuwa katika hali hiyo kwa mikrosekunde chache za mwanzo baada ya Mlipuko Mkuu, kabla haujapoa na kuanza kutupa protoni, nyota na makato ya mshahara.

Plazma hii ina tabia moja mbaya: huwaaibisha wanaoitabiria. Wanaoichunguza nao wana tabia moja nzuri: hawajiamini. Orodha hii ni ya mvutano huo. Tunahesabu kurudi nyuma, na kila kituko kina kijembe chake.

10. Dhahabu isiyotosha pete

Mashine ya kwanza iliyojengwa mahususi kugonganisha viini vizito vinavyokimbia kwa kuelekeana inaitwa RHIC. Ipo katika maabara ya taifa ya Brookhaven, Long Island, jimbo la New York, na ilianza kugonganisha dhahabu mwaka 2000. Duara lake lina kilomita 3.8, na ndani yake zimepangwa sumaku 1,740 zilizopozwa kwa heli ya kimiminika hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Humo kiini cha dhahabu kilikimbia kwa asilimia 99.995 ya kasi ya mwanga. Kwa kipimo cha mtu aliyesimama maabarani, kiini hicho hakina tena umbo la mpira: kimebanwa kikawa bapa kama chapati. Kinachogongana hasa, basi, ni chapati mbili, na kila moja ina protoni na nyutroni 197.

Matumizi ya dhahabu? Brookhaven walikadiria kwamba kwa miaka 20 ya kazi mashine nzima ingekula chini ya gramu moja.

*Kijembe:* Robo karne ya kugonganisha dhahabu na hereni moja haijaisha. Kamati za mahari, mnaona jinsi watu wanavyobana matumizi?

9. Kiyama kilichotangazwa, kisha kikaahirishwa

Mwaka 1999, RHIC ikiwa haijawashwa, jarida la Scientific American lilichapisha barua ya msomaji aliyeuliza kama mashine ile haiwezi kuzaa shimo jeusi likaimeza dunia. Mwanafizikia Frank Wilczek alimjibu kwamba shimo jeusi halipo njiani. Angeishia hapo, asingesumbuliwa na mtu. Lakini msomi ni msomi: akaongeza kuwa ipo dhana nyingine, ya vipande vya maada ngeni ambavyo kinadharia vingeweza kuigeuza maada ya kawaida ifanane navyo, ingawa hilo nalo halielekei kutokea. Magazeti yakalichukua neno "kuigeuza" na kulisahau mezani neno "halielekei".

Mkurugenzi wa maabara, John Marburger, akaunda kamati ya wanafizikia wanne, Wilczek mwenyewe akiwemo. Hoja yao iliyobeba uzito ilikuwa rahisi kiasi cha kumridhisha hata shangazi mbishi: Mwezi hauna hewa ya kuukinga, na kwa mabilioni ya miaka umekuwa ukipigwa na viini vizito vinavyotoka angani, vingine vikiwa na nishati kubwa kuliko ya RHIC. Kama kugongana huko kungekuwa na madhara, tusingekuwa na Mwezi wa kuuangalia.

*Kijembe:* Mwezi bado unaandama. Wanaogombana umeandama lini ni kesi nyingine, na fizikia haijapata dawa yao.

8. Homa isiyo na kipimajoto

Katikati kabisa ya Jua kuna nyuzi milioni 15 hivi. Februari 2010, watafiti wa PHENIX, kigunduzi kimojawapo pale RHIC, walitangaza kwamba plazma yao imefika nyuzi trilioni 4, yaani mara 250,000 ya kitovu cha Jua. Guinness wakaiandika kwenye kitabu chao cha rekodi.

Walipimaje? Walisoma mwanga. Kitu chochote cha moto hutoa fotoni, na fotoni hazishikwi na ile nguvu kali inayozifunga kwaki, kwa hiyo hutoka katikati ya vurugu bila kuulizwa na mtu. Joto likipanda, fotoni zenye nishati kubwa huongezeka. Ugumu ni kuzichuja, kwa sababu chembe nyingi zinazotokea baadaye nazo hutoa fotoni zinapovunjika, na hizo za baadaye ndizo nyingi. PHENIX walipitia mlango wa nyuma: walitafuta jozi za elektroni na positroni zinazotokana na fotoni hizo, ambazo zilikuwa rahisi kuzitenganisha na kelele hiyo.

Mwaka 2012, watafiti wa ALICE, kigunduzi cha CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, walikuja na joto lililozidi lile kwa asilimia 38 hivi, na rekodi ikapanda hadi trilioni 5.5.

*Kijembe:* Wakazi wa Dar es Salaam wanaolalamikia Februari wapewe pole zao zote, lakini medali hii hawaipati.

7. Marehemu anayechunguzwa na tani 10,000 za vyuma

Plazma hii huishi muda gani? Andika sifuri, weka nukta, kisha weka sifuri nyingine 22 ndipo uruhusiwe kuandika tarakimu. Sekunde kiasi hicho. Inazaliwa, inapanuka, inapoa na kufa kabla chembe yake yoyote haijaukaribia hata ukuta wa bomba la viini.

Kigunduzi kilichojengwa kwa ajili ya marehemu huyu kinaitwa ALICE. Kipo mita 56 chini ya ardhi, karibu na mji mdogo wa Saint-Genis-Pouilly nchini Ufaransa, kwenye duara la kilomita 27 la LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha. Kina tani 10,000, urefu wa mita 26, kimo cha mita 16 na upana wa mita 16. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tuufuate mgongano mmoja. Viini viwili vya risasi vinakutana katikati ya bomba. Plazma inatokea, inatoweka, na mabaki yake yanaganda kuwa pioni, kaoni, protoni na ndugu zao, kwa maelfu. Wa kwanza kuzipokea ni tabaka saba za silikoni zenye vitone bilioni 12.5 vya kuhisi, kila kimoja kikisubiri kuguswa. Kisha chembe zinaingia kwenye pipa la gesi lenye kipenyo cha mita 5 na urefu wa mita 5. Kila chembe yenye chaji inapopita humo inang'oa elektroni kutoka kwenye gesi. Elektroni hizo zinavutwa kuelekea kwenye ncha za pipa, na kwa kuangalia zimefikia wapi na saa ngapi, kompyuta inachora upya njia nzima ya chembe katika pande tatu. Sumaku kubwa inaipinda njia hiyo: iliyopinda sana ilikuwa na msukumo mdogo, iliyonyooka ilikuwa na haraka zake. Kiasi cha nishati kilichopotea kwenye gesi nacho kinasaidia kutambua ni chembe gani iliyopita.

Plazma yenyewe haijaonekana na mtu. Yote yanayojulikana juu yake ni ushahidi wa mabaki, na ndiyo maana watu hawa wamekuwa wagumu kuridhika.

*Kijembe:* Kama kuna afisa upelelezi anayesema mtuhumiwa alitoroka kabla hajafika, amfuate mkuu wa ALICE akajifunze kuandika ripoti.

6. Waliogeuza risasi kuwa dhahabu wakabaki vilevile

Kwa karne nyingi watu walikesha jikoni wakitaka kuigeuza risasi iwe dhahabu. Mei 2025, ALICE walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba LHC imekuwa ikifanya hivyo kila ilipogonganisha risasi, tena kwa viini vilivyokosana.

Kiini cha risasi kina protoni 82, cha dhahabu kina 79. Viini viwili vya risasi vinapopishana karibu sana bila kugusana, uga wa umeme wa kila kimoja humpiga mwenzake kama mmweko wa fotoni. Mmweko huo ukifanikiwa kung'oa protoni moja, risasi inakuwa thali. Zikitoka mbili, inakuwa zebaki. Zikitoka tatu, hongera, una dhahabu. Kwa kiwango cha juu kabisa, viini vya dhahabu 89,000 vilikuwa vikizaliwa kila sekunde pale ALICE. Katika msimu wa 2015 hadi 2018, majaribio makubwa manne ya LHC kwa pamoja yalizalisha viini bilioni 86 hivi.

Ukiipeleka kwenye mizani, hiyo ni pikogramu 29, yaani sehemu 29 za trilioni moja ya gramu. Na hata hiyo haikukaa: kila kiini kilijigonga kwenye bomba au kwenye vizuizi vya mashine kikasambaratika hapohapo.

*Kijembe:* Mtaji mabilioni ya faranga za Uswisi, mavuno pikogramu 29, na mali yenyewe haifiki kwa sonara. Kuna vikoba vimefilisika kwa heshima kuliko hii.

5. Kizunguzungu kilichovunja rekodi

Viini viwili vikigongana kwa kupunjana, kimoja kikimpiga mwenzake ubavuni, vinaiachia plazma mzunguko mkubwa. Hilo lilijulikana. Swali lilikuwa kama plazma inauhifadhi mzunguko huo, na utaupimaje ndani ya kitu kisichokaa.

Watafiti wa kigunduzi cha STAR, hapohapo RHIC, walimtumia shahidi aitwaye Lambda. Chembe hii inapovunjika hupenda kuirusha protoni kufuata upande ule ambao mzunguko wake wa ndani ulikuwa umeelekea. Wakakusanya Lambda nyingi wakauliza: mielekeo yenu ni ya kubahatisha, au mnaufuata mzunguko wa plazma iliyowazaa? Zilikuwa zinaufuata. Jibu lilitoka katika jarida la Nature mwaka 2017: kiwango cha mzunguko ni tisa ikifuatwa na sifuri 21, kwa sekunde. Hakuna kimiminika kilichokuwa kimepimwa hadi hapo kilichokaribia hata kwa mbali.

*Kijembe:* Kama wewe ulidhani umezunguka sana kwenye ofisi za umma ukitafuta mhuri mmoja, samahani, rekodi si yako.

4. Chembe yenye majina mawili inayofufuka

Novemba 1974 makundi mawili yalitangaza chembe moja. Samuel Ting, aliyefanya kazi yake Brookhaven, aliiita J. Burton Richter na wenzake kule California waliiita psai. Hakuna aliyekubali kuacha jina lake, kwa hiyo hadi leo inaitwa J/psai, na mwaka 1976 wakubwa hao wawili wakagawana Nobel. Chembe hii ni ndoa ya kwaki ya aina iitwayo chamu na kinyume chake.

Mwaka 1986 Tetsuo Matsui na Helmut Satz walitoa utabiri mzuri: ndani ya plazma, umati wa kwaki na gluoni utaikinga ile nguvu inayoziunganisha hizo mbili, na ndoa itavunjika. Kwa hiyo hesabu J/psai; zikipungua kuliko kawaida, plazma ilikuwepo. CERN wakahesabu kwenye mashine yao ya SPS, wakaona zimepungua. Upungufu huo ulikuwa sehemu ya ushahidi walioutoa tarehe 10 Februari 2000, walipotangaza dalili za hali mpya ya maada, miezi michache kabla RHIC haijaanza. Kule Long Island tangazo hilo halikupokelewa kwa vigelegele.

Baadaye ikaja LHC, yenye nishati kubwa zaidi. Wengi walitazamia J/psai karibu zote zife. Badala yake, ALICE walikuta zinazosalimika ni nyingi kwa uwiano kuliko kule RHIC! Maelezo ni kwamba kwenye LHC mgongano mmoja huzaa chamu kwa makumi. Ndoa za mwanzo zinavunjika kweli, lakini plazma inapopoa, chamu zilizotawanyika zinakutana na kinyume cha wengine na kufunga ndoa mpya. Ile sumaku kubwa ya ALICE, iliyosaidia kulithibitisha hili, imerithiwa kutoka jaribio la zamani la L3. Kiongozi wa L3 alikuwa nani? Samuel Ting.

*Kijembe:* Wazazi mnaotenganisha wapenzi kwa kumpeleka mmoja mjini: mjini watu ni wengi.

3. Mtihani uliosahihishwa kwa macho yaliyofungwa

Hiki ndicho kituko ninachokipenda ingawa hakikuvumbua kitu. Wananadharia, Dmitri Kharzeev akiwa mstari wa mbele, walitabiri kwamba uga mkali wa sumaku unaotokea viini vinapogongana kwa kupunjana unaweza kuzitenga chaji ndani ya plazma, chanya upande huu na hasi upande ule. Ingekuwa habari kubwa. Tangu 2009 STAR walikuwa wakiona dalili zinazofanana na hizo, ila kulikuwa na tatizo: mtiririko wa kawaida wa chembe unaweza kuleta dalili zilezile.

Wakatunga mtihani. Mwaka 2018 RHIC iligonganisha rutheni kwa rutheni, kisha zirkoni kwa zirkoni. Viini hivi vina jumla ileile ya protoni na nyutroni, 96, lakini rutheni ina protoni 44 na zirkoni 40. Protoni zaidi maana yake uga wa sumaku mkali zaidi. Kama utabiri ni wa kweli, rutheni lazima ioneshe dalili kubwa. Mashine ilibadilisha kati ya hizo mbili mara kwa mara, ili hitilafu yoyote ya kigunduzi iziguse zote sawa. Kisha takwimu zikafichwa majina, na makundi matano yakachambua bila kujua ni ipi rutheni na ipi zirkoni. Kila kundi liliandika mapema vigezo vya ushindi, na hakuna aliyeruhusiwa kuvibadili baada ya kufunuliwa.

Agosti 2021 pazia likafunguliwa. Hakuna dalili iliyotabiriwa. Kilichoonekana ni kwamba viini hivyo viwili havifanani kwa umbo na ukubwa kama ilivyodhaniwa. STAR wakachapisha hivyohivyo. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

*Kijembe:* Vigezo vya ushindi viliandikwa kabla, makaratasi yakafichwa majina, na aliyeshindwa akatangaza mwenyewe. Vyama vyenye uchaguzi wa ndani, fomu za kujiunga na STAR zipo?

2. Mchirizi ulioingia usitoke

Mara mojamoja kwaki mbili hugongana kwa nguvu hasa na kurushwa pande mbili zinazotazamana. Kila moja inazaa mchirizi wa chembe, kwa hiyo kawaida unaona michirizi miwili, mmoja huku na mwingine kule. Mwaka 1982 James Bjorken aliwaza: kama tukio hilo likifanyika ukingoni mwa plazma, mchirizi mmoja utatoka haraka na wa pili utalazimika kuipenya plazma nzima. Huyo wa pili atafika amechoka, au hatafika.

RHIC ilipoanza, ndicho kilichoonekana. Katika migongano ya katikati kabisa ya dhahabu, chembe zenye kasi kubwa zilipungua hadi karibu moja ya tano ya zilizotarajiwa, na mchirizi wa upande wa pili ukapotea machoni. Watu wengine wangenunua soda na keki. Hawa wakajiuliza: je, ikiwa kosa si la plazma? Huenda kiini cha dhahabu kinapokimbia hivyo gluoni zake zinajazana, na michirizi inapungua tangu mwanzo, plazma iwepo isiwepo.

Mwaka 2003 wakafanya jaribio la kujisuta. Walirusha diuteroni, kiini kidogo chenye protoni moja na nyutroni moja, kwenye dhahabu. Hapo dhahabu ipo na gluoni zake zote, ila mgongano ni mdogo mno kuzaa plazma kubwa ya kuzuia mchirizi. Kama gluoni ndizo zenye hatia, upungufu ungeonekana palepale. Haukuonekana. Michirizi yote miwili ilitoka salama. Mshukiwa mwingine akaachiwa huru, na plazma ikabaki kizimbani peke yake.

Novemba 2010, wiki chache tu baada ya LHC kuanza kugonganisha risasi, watafiti wa ATLAS, kigunduzi kingine cha LHC, walionyesha jambo hilohilo kwa michirizi mizima: huku mmoja mnene, kule mwenzake kapwaya.

*Kijembe:* Kuna wanaoomba ushahidi wa kuwatetea. Hawa waliiwasha mashine kutafuta ushahidi wa kuwaumbua, wakaukosa.

1. Gesi iliyokataa kuwa gesi

Mwaka 1973 David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walionyesha kwamba kwaki zikikaribiana sana, au zikiwa na nishati kubwa sana, nguvu kati yao inalegea. Walipata Nobel ya 2004 kwa hilo. Kutokana na hapo, matarajio ya wengi yalinyooka: pasha joto la kutosha, kwaki zitaachana, na utapata gesi ya chembe zisizojuana.

RHIC ilipowashwa, swali likajibiwa kwa kuangalia umbo. Viini vikigongana kwa kupunjana, eneo walilokutania huwa jembamba upande mmoja na refu upande mwingine. Plazma ikiwa gesi ya chembe zisizosikilizana, kila moja itashika njia yake na umbo la mwanzo litasahaulika. Chembe zitatoka sawa pande zote. Ikiwa ni kimiminika, msukumo utakuwa mkali zaidi kwenye upande mwembamba, na chembe zitatoka kwa wingi upande huo. Zilitoka kwa wingi upande huo. Tena kwa kiasi kilichokaribia hesabu za kimiminika kisicho na mnato hata kidogo.

Tarehe 18 Aprili 2005, mkutanoni Tampa, Florida, makundi yote manne ya RHIC, yaani BRAHMS, PHENIX, PHOBOS na STAR, yalitangaza kwa pamoja kwamba kilichopatikana ni kimiminika kinachokaribia ukamilifu. Trilioni za nyuzi, na kitu kinatiririka kwa mnato mdogo, ukilinganisha na vurugu yake ya ndani, kuliko maji yatakavyowahi kufika. Mwaka huohuo wananadharia Kovtun, Son na Starinets walichapisha hoja kwamba huenda mnato una kikomo cha chini. Hesabu yao ilitoka kwenye nadharia ya nyuzi na mashimo meusi ya ulimwengu wenye pande nyingi kuliko huu. Plazma ya RHIC ilikuwa imekaa jirani kabisa na kikomo hicho. Watu wa nadharia ya nyuzi, ambao walikuwa wamezoea kuulizwa kazi yao inasaidia nini, walitembea kifua mbele msimu mzima.

Halafu uhondo ukaongezeka. Mwaka 2010 watafiti wa CMS, kigunduzi kingine cha LHC, waliona alama za mtiririko huo kwenye migongano ya protoni kwa protoni, mahali ambapo hakuna aliyetarajia kimiminika. Wabishi wakasema huenda chanzo ni kingine. Ndipo PHENIX wakarusha kwenye dhahabu protoni, ambayo ni duara. Diuteroni, ambayo ni ndefu. Na heli yenye viambajengo vitatu, ambayo ni pembetatu. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba mtiririko unafuata umbo la aliyerushwa. Tone dogo namna ile, na bado linakumbuka lilivyozaliwa. Julai 2025 LHC iligonganisha oksijeni kwa oksijeni na neoni kwa neoni, ili kuona tone linaweza kuwa dogo kiasi gani kabla halijaacha kuwa tone.

*Kijembe:* Walioahidi gesi wakaleta kimiminika hawakufukuzwa kazi. Wauza gesi wa mitaani msijaribu.

Hukumu

Nafasi ya kwanza ingeweza kwenda kwa joto au kwa dhahabu ya pikogramu, ambavyo vinapendeza kwenye vichwa vya habari. Nimeipa kimiminika kwa sababu ndicho kilichowalazimisha wataalamu kufuta walichokuwa wakifundisha. Na nimeviweka namba 3 na namba 2 juu ya rekodi zote kwa sababu bila watu wanaojitegea mitego wenyewe, hata hiyo namba 1 ingekuwa maneno ya mkutanoni.

Kwa kijana unayesoma fizikia huku ukiambiwa haina kazi: Afrika Kusini ni mwanachama wa ALICE. Shule ya Fizikia ya Afrika, ambayo miongoni mwa waanzilishi wake ni Ketevi Assamagan, mwanafizikia wa Brookhaven mwenye asili ya Togo, ilifanyika Kigali mwaka 2016. CERN hupokea wanafunzi wa majira ya joto hata kutoka nchi zisizo wanachama. Na sehemu ya takwimu za LHC, zikiwemo za ALICE, zimewekwa wazi kwenye tovuti ya takwimu huria ya CERN, bure. Anza na hizo takwimu. Gharama yake ni bando, na bando hilo usipolitumia huko unajua wazi utalimalizia wapi.